Chai ya Saa Nne Kule Bungoma

Nilipokuwa na mimba ya binti yangu, daktari wa Kitale aliniambia nilale. Hakumaanisha nilale usiku kama watu wengine. Alimaanisha nilale mchana kutwa, wiki baada ya wiki, miguu ikiwa juu ya mto, mpaka mtoto awe tayari kutoka. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya hiyo. Ya pili iliharibika siku chache tu baada ya mimi kurudi kutoka Kachibora, ambako mume wangu alikuwa akifundisha, na barabara ya kule wakati huo ilikuwa mashimo na mawe matupu. Daktari hakusema kwamba barabara ndiyo iliyoniponza. Hakusema siyo, vilevile.

"Ukiinuka, iwe ni kwenda chooni," alisema. "Mambo ya safari, sahau kabisa."

Nilikubali mara moja. Nilikuwa nimefika kwenye lango la hospitali nilipokumbuka mkutano.

Ulikuwa mkutano wa walimu na wahadhiri wa Kiswahili, na mwaka huo ulikuwa ufanyike Bungoma. Bungoma! Ungekuwa Mombasa au Dar es Salaam ningesema basi, haikuandikwa. Lakini kutoka Kitale hadi Bungoma mtu huondoka asubuhi, akamaliza shughuli zake, na akarudi kabla kuku hawajaingia bandani. Na makala yangu yalikuwa yamekubaliwa. Nilikuwa nimeyahangaikia miaka miwili, nikizunguka shule za msingi za Tongaren na Kimilili, nikisikiliza jinsi watoto wanavyobadilishana herufi l na r, na jinsi walimu wanavyowachapa kwa ajili hiyo. Nilitaka kusema mbele ya watu kwamba wale watoto si wajinga. Masikio yao yamelelewa na lugha nyingine, basi.

Mtu wa kwanza niliyempigia simu alikuwa rafiki yangu. Tulisoma pamoja shahada ya uzamili, tukalala chumba kimoja, tukala sufuria moja. Alikuwa mzaliwa wa Naitiri na sasa alikuwa anafundisha shule ya upili pale Bungoma mjini. Alikuwa na sauti kubwa, kicheko kikubwa, na ulimi wa kwao ambao chuo kikuu hakikuweza kuunyoosha. Wenzetu walimcheka kwa sababu ya l na r zake, naye alicheka pamoja nao, akaendelea kuongea vilevile.

"Usijari, mwarimu," aliniambia. "Nitakusomea mimi. Wewe utasikiriza kwa simu. Nitaiweka pale mbele, karibu na maiki. Itakuwa kama uko ndani ya ukumbi."

Niliamini. Nani asingeamini? Simu za mkononi zilikuwa zimetuingia si muda mrefu, na tulizionea ajabu kiasi kwamba tulidhani zinaweza kila kitu. Profesa wetu, aliyetusimamia sote wawili, alikubali mpango huo, ingawa nilimsikia akisita.

"Ni sawa," alisema. "Ila wewe unajua mikutano. Makala husomwa ukumbini, lakini mambo hukatwa kwenye chai."

Nilijua. Mkutano wangu wa kwanza, nilipokuwa bado mwanafunzi, sikumbuki hata makala moja iliyosomwa. Nakumbuka Profesa akinishika kiwiko wakati wa chai, mandazi mkononi, akinipeleka kwa mzee mmoja mfupi aliyevaa sweta iliyotoboka, na kumbe ndiye mwandishi wa kitabu cha sarufi nilichokariri tangu kidato cha tatu. Yule mzee aliniuliza natoka wapi, mama yangu anaongea lugha gani, na kama tunavuna mahindi mara moja au mara mbili. Hapo ndipo nilipoanza kufikiria l na r. Wazo lenyewe lilizaliwa nikiwa nimesimama na kikombe.

Mume wangu alirudi kutoka Kachibora mwisho wa wiki na kadi za simu za kukwaruza, akazipanga kwenye kiti kando ya kitanda. Mama mkwe, ambaye alikuwa amehamia kwetu Matisi, mtaa wa Kitale, ili anipikie, alizitazama akatikisa kichwa.

"Sasa utahudhuria mkutano ukiwa umelala?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na gauni hilo la kulalia?"

Tulicheka. Lakini siku yenyewe ilipofika nilivaa blauzi yangu ya kitenge na kujifunga kitambaa kichwani. Nilijisikia vibaya kuzungumza na watu wazima nikiwa nimevaa nguo za kulalia, hata kama hawanioni.

Nilipiga, rafiki yangu akapokea, na ghafla ukumbi wote ukaingia chumbani kwangu: viti vikiburutwa sakafuni, watu wakisalimiana, mtu akijaribu maiki kwa kuihesabia. Baadaye niliambiwa kwamba spika zilikuwa za singasinga mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme pale mjini, na kwamba alikuja mwenyewe kuzifunga, akakaa kusikiliza mpaka mwisho kwa sababu alikipenda Kiswahili. Mimi sikumwona. Nilichoona ni dari ya chumba changu, pale ambapo mvua ilikuwa imechora alama ya rangi ya chai.

Rafiki yangu alianza kusoma. Mwanzoni nilimsikia vizuri, na moyo wangu ukatulia. Maneno yangu yalikuwa yanatoka kinywani mwake yakiwa na nguvu ambayo mimi nisingeweza kuyapa. Kisha akafika kwenye mifano, na watu wakacheka.

Hakuna mahali katika makala yale pa kuchekesha. Niliketi. Watu wakacheka tena, safari hii kwa muda mrefu, na ndani ya kicheko hicho nikasikia cha rafiki yangu pia. Nikajiuliza nimekosea wapi. Nikajiuliza kama kurasa zimechanganyika, au kama niliandika upuuzi na hakuna aliyeniambia. Ukiwa ukumbini, watu wakicheka unageuka, unatazama nyuso, unajua mara moja kama unachekwa au unachekewa. Kwenye simu kicheko ni kicheko tu.

Ukaja wakati wa maswali. Mtu wa nyuma aliuliza swali lake refu, nami nikasikia mngurumo tu, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Rafiki yangu akaniwekea simu kwenye maiki. "Jibu, mwarimu!" Nikajibu swali nililodhani limeulizwa, kuhusu walimu wanaochapa. Kisha mwenyekiti akasema kwa upole, "Asante, mwalimu. Nadhani swali lilikuwa lingine, lakini asante." Hakurudia swali. Rafiki yangu akalijibu yeye, nikasikia makofi.

Mwenyekiti akatangaza chai ya saa nne. Rafiki yangu akaichukua simu. "Usikate. Wacha nikachukue chai, nikirudi nikupatie watu wakusarimie." Akazima ile sauti kubwa, akaiweka simu mezani kule mbele, akaenda.

Nilibaki nimeishikilia yangu sikioni. Nikasikia vikombe. Nikasikia vijiko. Mama mkwe alikuwa sebuleni kwetu akimenya viazi, na redio ya jirani ikitangaza vifo. Kisha karibu kabisa, kana kwamba wamekaa ukingoni mwa kitanda changu, nikasikia sauti mbili. Moja ya Profesa. Nyingine ya mgeni aliyekuwa ametoka chuo kikuu cha ng'ambo, mtu aliyejifunza Kiswahili chake Unguja na kukitamka kwa uangalifu kama anayebeba mayai.

"Huyu wa Kitale ndiye niliyekuandikia habari zake," Profesa alisema. "Ana kichwa."

"Makala ni mazuri," mgeni akasema. "Lakini sikumwona. Nafasi ya masomo ni moja, na lazima nirudi na jina. Mtu ambaye nimemwona."

"Ana ujauzito mgumu."

"Naelewa. Lakini miaka minne ya udaktari wa falsafa, na mtoto mchanga... Unafikiri kweli ataweza kuja?"

Nilimsikia Profesa akipuliza chai yake.

"Na huyu aliyesoma?" mgeni akauliza. "Huyu amenifurahisha sana. Alipofika kwenye mifano, yeye mwenyewe akawa mfano. Hakuna aliyelala ukumbini."

Nikasema, "Profesa!" Nikasema tena, kwa sauti zaidi, "Profesa, niko hapa! Nasikia!" Lakini simu ilikuwa imelazwa mezani, na sauti yangu kule haikuwa kubwa kuliko ya mbu. Mama mkwe aliingia mbio na kisu cha viazi mkononi.

"Nini? Ni mtoto?"

"Si mtoto, mama."

"Mbona unapiga kelele? Daktari alisema usishtuke!"

Nilipoirudisha simu sikioni, nilimsikia Profesa akisema, "Ndiyo, huyo pia ni wetu. Anafaa." Nikaikata. Kisha nikabonyeza kile kitufe mpaka kioo kikawa cheusi, nikaisukuma chini ya mto. Nilijigeuza upande wa ukutani ili mama mkwe asione uso wangu. Yeye, maskini, alidhani ni uchungu wa tumbo, akanikanda mgongo mpaka nikalala.

Simu ile sikuiwasha mpaka keshoye mchana.

Rafiki yangu alikuja Matisi Jumapili iliyofuata. Alikuja na kuku aliyefungwa miguu, ndizi, na mfuko wa karanga kwa mama mkwe. Akaketi kwenye kile kiti cha kadi na kunieleza yote, mikono ikiruka huku na huko. Hapo ndipo nilipojua walichekea nini. Makala yalisema kwamba mtoto huandika "mahari" akikusudia "mahali", na "kura" akikusudia "kula". Naye aliposoma, maneno ya kila jozi yalitoka kwa sauti moja. Akajaribu tena, yakatoka vilevile. Akaweka karatasi chini, akawaambia watu, "Mnaona? Huyu mtoto anayeandikwa hapa ni mimi. Na mimi nina digirii mbiri."

"Wakapiga makofi, bana!" alisema. "Yule mzee wa spika alisimama kabisa. Nikawaambia si mimi, ni mwenye makara, yuko Kitale."

Nilicheka. Nilicheka kweli, maana ilikuwa inachekesha, na maana sikuwahi kuandika sentensi nzuri kama ile aliyoitoa kichwani papo hapo.

"Jioni tukakupigia," akaendelea. "Profesa alitaka kuongea na wewe. Tukapiga, tukapiga. Ati mteja hapatikani."

"Stima ilipotea," nilisema. "Chaji iliisha."

Hakuwa na sababu ya kutoniamini. Matisi stima ilipotea kila mara. Akachuna ganda la karanga, kisha akaniambia jambo lililomleta. Amepewa nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Hakuomba. Aliitwa tu mkutano ulipokwisha, akaulizwa kama yuko tayari.

"Najua ingekuwa yako," alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Si mimi ni mjinga? Wangekuwa wamekuona, ingekuwa yako. Niambie nisiende, siendi. Kweli tena. Nitawaambia nina mama mgonjwa."

Mimi nilikuwa nimelala, mkono juu ya tumbo, na mtoto alikuwa anacheza. Ningeweza kumwambia nilichosikia. Ningeweza kumwambia inaniuma. Tulikuwa watu wa kuambiana mambo, mimi na yeye; hakuna siri niliyokuwa nayo chuoni ambayo hakuijua. Lakini nilikuwa nimeyasikia yale maneno kwa njia isiyo yangu, kama mtu aliyesimama nyuma ya dirisha, na niliona aibu kuyatamka.

"Nenda," nilisema. "Ukikataa nitakukasirikia."

Akaniinamia akanikumbatia, akalia begani mwangu. Mama mkwe aliingia na chai, akatukuta hivyo, akacheka akasema wasomi wana mambo.

Binti yangu alizaliwa mwezi wa mahindi mabichi, mzima, mwenye nywele nyingi. Sijawahi kumtazama nikatamani mizani iwe imelalia upande mwingine. Nasema hivyo kwa sababu watu wakinisikia nikihadithia jambo hili hufikiri namlaumu yeye. Mtu anaweza kufurahi na kusikitika kwa jambo lilelile, na furaha isipunguze sikitiko hata chembe.

Rafiki yangu aliondoka. Mwanzoni aliandika barua pepe, nami nilikwenda kuzisoma kwenye saiba, duka la intaneti pale mjini, mtoto mgongoni. Alinieleza baridi, maktaba zisizofungwa, na jinsi wanafunzi wa kule wanavyomwomba aseme "mahali" na "mahari" ili wamrekodi. Kazi yake iliendelea kutoka pale yangu ilipoishia. Kila mara aliandika, "Haya ni yako pia." Nami kila mara nilijibu kwa mistari miwili mitatu. Kisha mmoja. Kisha nikawa napita mbele ya ile saiba bila kuingia. Makala yangu mwenyewe nilikuwa nimeyafungia sandukuni, nikarudi kusahihisha insha.

Binti yangu alikuwa ameanza chekechea wakati mkutano uliporudi Bungoma. Safari hiyo sikuwa na makala. Nilikwenda kama mwalimu tu, kusikiliza. Ukumbi ulikuwa uleule, niliambiwa, na nilizunguka nikiutazama kama mtu anayefika kwenye nyumba aliyoisikia kwenye redio. Nikaiona meza ya mbele. Ilikuwa karibu sana na mlango wa kwenda kwenye chai. Mtu angenyoosha mkono tu, angeichukua ile simu.

Rafiki yangu naye alihudhuria, lakini kutoka ng'ambo. Sasa alikuwa daktari wa falsafa na mwenye mtoto wake mdogo, na hakuweza kusafiri. Vijana wa mitambo walitundika shuka jeupe ukutani, na baada ya kuhangaika na kompyuta kwa muda mrefu, uso wake ukatokea, mkubwa, wa rangi ya samawati, midomo ikichelewa nyuma ya maneno. Alikuwa amekonda. Alitusalimia, akasema anatuona kama kivuli. Nilipunga mkono nikiwa safu ya tatu. Hakuniona. Katikati ya hotuba uso uliganda, mdomo wazi, na watu wakasubiri kidogo, kisha mwenyekiti akasema tumshukuru, tuendelee na mwingine.

Wakati wa chakula mtu alinigusa bega. Alikuwa Profesa. Alikuwa amestaafu, na alitembea kwa fimbo.

"Wewe wa Kitale," alisema. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Profesa. Anasoma."

"Mungu mkubwa." Akaketi karibu nami, akala kidogo, akaniuliza kwa nini niliacha kuandika. Nikasema kazi, nyumba, mambo. Akatikisa kichwa taratibu.

"Siku ile tulikutafuta sana kwenye simu," alisema. "Mgeni alikuwa analala Nairobi, gari lilikuwa linamngojea nje. Nilikuwa nimemwomba, nimembembeleza mpaka akakubali. Alisema atakushikia nafasi mwaka mzima, mpaka ujifungue na mtoto aache kunyonya. Ila alitaka akusikie wewe mwenyewe ukisema unaitaka. Sauti yako tu. Simu ikawa imezimwa. Nikafikiri umepelekwa hospitali. Nikaogopa. Baada ya yale yaliyokupata mara mbili, nikasema tusimsumbue mtoto wa watu. Ndipo nikampa jina la mwenzako."

"Kwa nini hukuniambia baadaye?"

"Nikuambie ili iweje? Ulikuwa umejifungua salama, na nafasi ilikuwa imekwenda. Nilidhani nakuhurumia."

Nilikuwa na kipande cha ugali mkononi. Nilikitazama tu. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa pale, mezani, karibu na kikombe chake, kwamba nilimsikia akipuliza chai, na kwamba nilikata kabla hajaanza kunibembelezea. Badala yake nilimwuliza kama anahitaji maji ya kunawa. Akasema ndiyo. Nikaenda kumletea.

Nilirudi Kitale jioni hiyo. Mume wangu aliniuliza mkutano ulikuwaje, nikasema ulikuwa mzuri. Kesho yake, baada ya vipindi, niliingia saiba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikamwandikia rafiki yangu. Nilimwandikia yote: blauzi ya kitenge, vijiko, sauti mbili, jinsi nilivyoita na kisu cha viazi kikaja mbio, jinsi nilivyoizima simu. Nikamwambia pia alichonieleza Profesa. Nikamwambia simdai kitu, na kwamba ile sentensi ya digirii mbili ilistahili kila alichokipata.

Jibu lilichelewa. Nilipita pale kila siku baada ya shule, mwenye saiba akawa ananiona tu nikitikisa kichwa kwamba bado. Lilipokuja lilikuwa fupi. Halikuwa na salamu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chako," aliandika. "Nilikuuliza. Si ungeniambia? Tungempigia Profesa palepale, mimi na wewe, na bado kungekuwa na nafasi ya kubadilisha jina."

Nilisoma mara nyingi. Nikabonyeza mahali pa kujibu, nikaandika "Dada", nikafuta. Watu wawili walikuwa nyuma yangu wakingoja mashine. Nikainuka nikawapisha.